Sikukuu za Wachina za Aprili hadi Juni zisitiwe chungu kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo linalojirudia magazetini kila inapofika Aprili. Sikukuu za Wachina za kipindi hiki huandikwa kana kwamba zote ni za machipuko na zote huhamahama na mwezi, kisha huchanganywa na siku za kimataifa kama Mei Mosi na Siku ya Chai, hadi msomaji hajui ipi imetoka wapi. Hasara si ya mwandishi peke yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Kamukunji anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu hupanga fedha na makontena kwa kuangalia tarehe hizo, na gazeti likimpotosha, mzigo unalala.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kalenda ya jadi ya China ni ya mwezi tu. Ni ya mwezi na jua kwa pamoja. Upande wa jua, mwaka umegawanywa katika vituo 24, na kila kituo huanza jua likiwa limesogea nyuzi 15 katika njia yake. Qingming, siku ya kusafisha makaburi, ni kituo cha nyuzi 15 kuhesabu kutoka siku ile ya Machi ambapo mchana na usiku hulingana. Ndiyo maana huangukia tarehe 4 au 5 Aprili, mara chache 6. Haiwezi kusogea siku 11 hivi kila mwaka kama Idi inavyosogea. Kinachofuata ni Guyu, kituo cha mvua za nafaka, kati ya tarehe 19 na 21 Aprili, nacho ndicho cha mwisho katika machipuko. Tarehe 5 au 6 Mei huingia Lixia, na kwa hesabu ya Wachina wenyewe machipuko yamekwisha, kiangazi kimeanza. Sikukuu ya Duanwu, yenye mashindano ya mitumbwi ya joka, ni sikukuu ya katikati ya kiangazi chao. Kuiita ya machipuko ni sawa na kuiweka vuli ndani ya masika.

Duanwu ndiyo inayofuata mwezi: siku ya 5 ya mwezi wa 5. Wasomaji wa pwani hapa wana faida, kwa kuwa wamezoea kuishi na hesabu mbili: Ramadhani kwa mwezi mwandamo, Mwaka Kogwa wa Makunduchi kwa mwaka wa jua. Lakini mwezi wa Wachina hauandamishwi kwa macho. Huanza siku ileile ambayo mwezi na jua hukutana angani, kwa hesabu ya wanajimu na kwa saa za Beijing, kabla hilali haijaonekana popote. Kwa hiyo tarehe yao huwa mbele ya tarehe ya Kiislamu kwa siku moja au mbili. Saa za Beijing nazo si jambo dogo. Mwezi Mei 2026, makutano hayo yanatokea saa 5 usiku kwa saa za Dar es Salaam tarehe 16, wakati Beijing imekwisha kuwa saa 10 alfajiri tarehe 17. Mwezi wa 4 wa Wachina kwa hiyo unaanza tarehe 17, na anayekokotoa kwa saa za kwetu atakosea siku nzima.

Ili miezi isiachane na jua, huongezwa mwezi wa ziada mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka 2023 uliongezwa baada ya mwezi wa 2, na Duanwu ikasukumwa hadi 22 Juni. Mwaka 2025 uliongezwa baada ya mwezi wa 6, Duanwu ikiwa imekwisha kupita tarehe 31 Mei. Anayechukua tarehe ya mwaka jana na kupunguza siku 11 atakaribia kupatia mwaka mmoja au miwili, kisha mwezi wa ziada utamwangusha.

Sasa Qingming yenyewe. Ni siku ya wafu, na salamu za "heri ya sikukuu" hazina mahali. Familia huenda kaburini na jembe dogo na ufagio, hung'oa magugu, huongeza udongo palipobonyea, huosha jiwe na kupaka rangi upya maandishi yaliyofifia, kwa kawaida nyekundu au ya dhahabu. Kisha huwekwa matunda, pombe kidogo na chakula, huwashwa ubani, watu huinama mara 3, na mwisho huchomwa karatasi zilizotengenezwa mfano wa fedha. Katika jimbo la Guangdong, koo zenye uwezo hupeleka nguruwe mzima wa kuchoma na kumgawana hapohapo. Kinachoharibika kila mwaka ni moto. Aprili majani ya mwaka uliopita bado makavu milimani, karatasi zinazowaka hubebwa na upepo, na msitu unashika. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi zimepiga marufuku uchomaji karibu na misitu na kuhimiza maua badala yake, hasa krisanthemamu nyeupe na za njano.

Kwa Tanzania sikukuu hii si ya mbali. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi zaidi ya 60 ya wataalamu wa Kichina, wengi wao waliokufa katika ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya 1970, na maua hupelekwa pale wakati wa Qingming. Rais Xi Jinping alizuru mahali hapo Machi 2013. Mwandishi wa habari au ofisa anayealikwa avae nguo za rangi iliyotulia, nyekundu aiache nyumbani, asipige picha za kucheka juu ya makaburi, na watu wanapoinama mara 3 naye ainame nao.

Guyu imezaa siku ya kimataifa. Hadithi ya kale inasema kwamba Cangjie alipobuni maandishi ya Kichina, mbingu zilinyesha mtama. Umoja wa Mataifa ulipoanzisha siku za lugha zake rasmi mwaka 2010, Siku ya Lugha ya Kichina iliadhimishwa kwanza 12 Novemba mwaka huo, na tangu 2011 ikahamishiwa 20 Aprili kwa heshima ya Cangjie. Angalieni tofauti: Guyu ya 2024 ilikuwa tarehe 19, lakini Umoja wa Mataifa haukusogea, ulibaki tarehe 20. Siku ya kimataifa imefungwa kwenye kalenda ya kawaida hata pale mzizi wake ulipo kwenye jua. Wanaofundisha Kichina hapa kwetu, kuanzia Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanzishwa 2005 na ambayo ni ya kwanza Afrika, wafuate tarehe 20. Sisi wa Kiswahili tunayo 7 Julai, nayo haisogei.

Siku ya Kimataifa ya Chai ni 21 Mei, kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 2019. Kabla ya hapo nchi kadhaa zinazolima chai zilikuwa zikiadhimisha 15 Desemba, na bado kuna kalenda zinazochapisha tarehe hiyo ya zamani. Hapa ndipo vituo vya jua vinapomgusa mnywaji. Chai ya kijani iliyochumwa kabla ya Qingming ndiyo ya bei ya juu, ikifuatwa na iliyochumwa kati ya Qingming na Guyu. Sababu ni baridi: chipukizi hukua polepole, huwa na utamu zaidi na uchungu kidogo. Joto likipanda, jani hukimbia kukua na uchungu hupanda nalo. Ila tangazo la "kabla ya Qingming" peke yake halitoshi. Mikoa yenye joto kama Sichuan na Guizhou huchuma wiki kadhaa mapema, na chai yake hukaangwa bapa kwa mtindo wa Longjing, chai maarufu ya Hangzhou, na kuuzwa kama ya huko. Ukinunua, uliza imechumwa wapi kwanza, lini baadaye. Ukiipata ya kweli, usiipike jikoni na maziwa kama chai yetu ya Kericho au Mufindi. Gramu 3 kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 80 hivi, dakika 2. Maji yanayochemka huiunguza, na mtu huishia kusema chai ya Wachina ni chungu.

Kwa mfanyabiashara, siku nzito kuliko zote hizi ni Mei Mosi. Kwetu ni siku moja na maandamano. China, tangu 1 Januari 2025, sheria inatoa siku 2, yaani 1 na 2 Mei, ilhali Qingming na Duanwu zina siku moja moja tangu 2008. Lakini serikali huunganisha siku hizo na wikiendi, na pale zisipotosha, wikiendi nyingine hugeuzwa siku ya kazi ili kufidia. Mwaka 2025 mapumziko yalikuwa 1 hadi 5 Mei, na Jumapili ya 27 Aprili ikawa siku ya kazi. Aliyetuma fedha kwa benki mchana wa Jumatano, 30 Aprili, alikuwa amechelewa, kwa sababu Beijing iko mbele yetu kwa saa 5: saa 7 mchana ya Dar es Salaam ni saa 12 jioni kwao. Muuzaji asingeiona kabla ya Jumanne tarehe 6, na kiwanda hakianzi kazi kabla ya malipo ya awali kuonekana. Tuma siku 3 za kazi kabla, na siku hizo uzihesabu kwa kalenda ya pande zote mbili, maana Jumapili wanapofanya kazi wao, benki zetu zimefungwa.

Usimlazimishe mwenye kiwanda apakie kontena tarehe 1 au 2 Mei. Sheria inamtaka awalipe wafanyakazi mara 3 ya ujira wa siku, na gharama hiyo itaonekana kwenye ankara yako, au itafichwa kwenye kazi ya haraka. Tena kuna mtego wa Guangzhou: maonesho makubwa ya biashara, Canton Fair, huwa na msimu wa machipuko kuanzia 15 Aprili hadi 5 Mei, na awamu yake ya 3, yenye nguo, vitambaa vya nyumbani, vifaa vya shule na vitu vya watoto, ni 1 hadi 5 Mei. Maonesho hayafungwi, lakini nchi nzima iko safarini. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na zile za njia kubwa huisha upesi. Vyumba hupanda bei. Anayetoka kwenye maonesho akitaka kutembelea kiwanda Foshan au Yiwu atakuta lango limefungwa na mlinzi hajui lolote.

Turudi kwenye Duanwu, ambayo magazeti huipa picha nyingi na maelezo haba. Hadithi inayojulikana ni ya Qu Yuan, waziri na mshairi wa dola ya Chu, aliyejitosa katika mto Miluo, Hunan, mwaka unaotajwa kuwa 278 KK. Mjini Suzhou wanamkumbuka zaidi Wu Zixu, waziri wa kale wa dola ya Wu. Chini ya hadithi zote kuna hofu ya kale ya mwezi wa 5: joto, unyevu, nyoka, nge, tandu na maradhi. Matawi ya pakanga na majani marefu ya mmea wa majimaji unaoitwa akorasi hutundikwa mlangoni kwa ajili hiyo, na watoto hufungwa mkononi nyuzi za rangi 5. UNESCO iliiweka Duanwu katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009.

Jambo moja la kale lisiigwe: pombe iliyotiwa unga wa realgar. Realgar ni madini ya aseniki, na ikipashwa moto hugeuka sumu kali zaidi. Siku hizi wenye kufuata mila hupaka tone kwenye paji la uso la mtoto, na hata hilo mimi silishauri.

Mtumbwi wa joka wa mashindano ya kimataifa una urefu wa mita 12 hivi na watu 22: wapiga kafi 20 wakiketi wawili wawili, mpiga ngoma mbele akiwatazama, na mshika usukani nyuma. Watangazaji wetu hupenda kusema kwamba ngoma ndiyo inayoongoza. Kinyume chake, mpiga ngoma hufuata mapigo ya wale wawili wa safu ya kwanza, na waliobaki hutazama kafi za mbele kwa macho. Safu za nyuma zikisubiri sauti, kelele za watu na maji huipoteza, kafi huingia majini kwa kupishana, na mtumbwi unavuta breki wenyewe. Kosa jingine la wageni ni kuvuta kwa mikono. Nguvu hutoka kwenye kiuno na mgongo, kafi ikiingia majini wima, mbele kabisa ya goti, na kutolewa ikifika nyongani. Ukiipitisha hapo, unanyanyua maji, husukumi chombo.

Mitumbwi ya vijiji vya Guangzhou, kama Liede na Chebei vilivyomezwa na jiji, ni kitu kingine. Ina zaidi ya mita 30 na hubeba watu 60 hadi 80. Mafundi wa Lamu na Nungwi wataielewa hii: baada ya sikukuu, mtumbwi wa mti mgumu huzikwa kwenye tope la mto hadi mwaka ujao. Mti mzito ukiachwa juani hupasuka, na ukiachwa bandani huliwa na wadudu, ilhali tope lisilo na hewa huuhifadhi. Huibuliwa siku ya 8 ya mwezi wa 4, ambayo pia ni siku ya kuzaliwa Buddha, na kwa 2026 ni 24 Mei. Tope husukumwa kwa maji, chombo huoshwa, nyufa hukalafatiwa, hupakwa mafuta, kisha hufungwa kichwa na mkia wa joka vilivyokuwa vimetunzwa peke yake hekaluni. Mpiga picha anayetaka kitu ambacho hakijachoka kuonekana aende siku hiyo, aache ya mashindano.

Na abebe mwavuli. Kusini mwa China, mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni ndicho kipindi cha mvua kubwa ambazo wenyeji huziita maji ya mitumbwi ya joka. Mzigo wa katoni unaosubiri gari uani hulowa kwa dakika 10. Mwambie wakala atandike plastiki chini na afunike juu, na katika kontena atundike mifuko ya kufyonza unyevu, la sivyo utafungua mlango Mombasa na kupokelewa na harufu ya ukungu.

Chakula cha Duanwu ni zongzi, mchele uliofungwa kwa majani. Kwa vipande 20: mchele wa kunata kilo 1, nyama gramu 500, majani ya mwanzi 50 (mawili kwa kila kimoja, 10 ya akiba kwa kuwa huchanika), na uzi wa pamba mita 1 kwa kila kimoja. Mchele wa Kyela au basmati hautafaa hata ukiulowanisha siku 2, kwa sababu wanga wake ni wa aina nyingine na punje hazishikani. Lowanisha mchele saa 3 hadi 4, uchuje vizuri, uchanganye na vijiko 3 vya mchuzi wa soya na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Nyama ikatwe vipande vya gramu 25 na ilale kwenye soya na viungo usiku mzima. Majani makavu yachemshwe dakika 10 na kufutwa pande zote.

Pandanisha majani mawili, kunja uyafanye pembe isiyo na tundu chini, maana hapo ndipo mchele hutorokea. Tia kijiko cha mchele, nyama, kisha mchele tena hadi chini kidogo ya ukingo, funika kwa sehemu ya jani iliyobaki, uzungushie uzi. Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Ukikaza mno, mchele hauna nafasi ya kuvimba: jani hupasuka, au kiini kinabaki kibichi saa 3 baadaye. Ukilegeza, maji huingia na unatoa uji. Kiguse; kiwe kigumu kidogo, lakini kidole kikibonyeza kibonyee. Panga kwenye sufuria, maji yafunike yote kwa vidole 2, chemsha kwa moto wa wastani saa 2 na nusu hadi 3, na kila unapoongeza maji yawe ya moto. Zima, acha humohumo saa 1.

Waislamu waulize kabla ya kula, kwani ya kusini karibu daima ni ya nguruwe, na hata yenye maharage huweza kutiwa mafuta yake. Ya kaskazini yenye tende za Kichina haina shida hiyo, wala ile ya njano iliyolowekwa kwenye maji ya magadi na kuliwa na sukari. Anayepika nyumbani atumie ng'ombe mwenye mafuta au kuku wa paja. Majani ya mwanzi yakikosekana, ya mgomba yanafaa, mradi uyapitishe juu ya moto kwanza yalegee, vinginevyo hupasuka kwa urefu ukiyakunja.

Tarehe 1 Juni ni Siku ya Watoto China, kwa uamuzi wa mwaka 1949. Si ya jadi, na wala si ile ya Mtoto wa Afrika ya 16 Juni, inayotokana na mauaji ya Soweto ya 1976. Mwaka 2025 iliangukia ndani ya mapumziko ya Duanwu, na nadhani ndipo baadhi ya waandishi walipozifanya moja.

Kama una nafasi katika ukurasa wa kalenda, Mhariri, naomba uchapishe hizi kabla ya mwaka kugeuka: Qingming 2026 na 2027 ni 5 Aprili, Duanwu ni 19 Juni 2026, 9 Juni 2027 na 28 Mei 2028. Ratiba ya kuunganisha wikiendi hutolewa na Baraza la Taifa la China mwishoni mwa mwaka unaotangulia, kwa hiyo ya Mei Mosi isichapishwe kwa kubahatisha.

Msomaji wako,
Kariakoo, Dar es Salaam